Thelathini na Nane kwa Wino Mwekundu

Uchovu wa Mama Faili ulianzia magotini. Kituo kizima kililijua hilo, maana kila alipoinuka kitini alisema "ee Mungu wangu" kwa sauti ya mtu anayejitwika gunia, na kila alipoketi akalisema tena. Jina la Mama Faili walimpa askari wa zamani, wengi wao sasa wastaafu, kwa kuwa hakuwahi kufunga faili bila kulisoma mara mbili, hata liwe la kuku aliyeibwa. Alibakiza miezi minne naye aende zake nyumbani, na alikuwa akiihesabu siku kwa siku, haoni aibu.

Asubuhi hiyo mkuu wa kituo alimsubiri mlangoni na faili mkononi.

"La mzee wa mto," alisema. "Mwendesha mashtaka analitaka leo saa kumi jioni. Na wale wakulima wanakuja tena. Safari hii hawaji kukaa kwenye nyasi."

"Limekamilika?"

"Limekamilika zamani. Wewe tia saini tu."

"Kama limekamilika, unaniletea mimi la nini?"

Mkuu akashusha pumzi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, na kubishana na huyu mama kulikuwa kujichosha bure. Akamwachia faili, akaenda zake.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee huyo alikuwa na kazi ya kusoma kipimo cha maji darajani, bamba refu la chuma lililofungwa kwenye nguzo, lenye namba za sentimita kama rula ya shule. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi hushuka mtoni, hutazama maji yamefika namba gani, huandika daftarini na saa yake, kisha huipigia simu ofisi ya maji. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Msimu huu daftari lake lilisema mto una maji tele. Wakulima walio chini ya daraja walisema mto ni mawe matupu. Mpunga wao ulikaukia shambani, na kila walipokwenda ofisini kulalamika walionyeshwa namba za mzee na kuambiwa maji yapo, jamani, ninyi mnayapeleka wapi? Mwisho wakakata shauri kwamba mzee anapika namba kwa faida ya mtu. Wakamfuata kwake, wakampiga, wakamleta kituoni wao wenyewe. Leo ilikuwa siku yake ya nne mahabusu. Kughushi kumbukumbu za serikali ni miaka saba, naye alikuwa na sitini na sita.

Aliyeongoza msafara wa kumleta alikuwa shemeji yake, kaka wa mke wake wa ndoa.

Mama Faili alimkuta ameketi wima katika chumba cha mahojiano, jicho la kushoto limevimba, vifungo vya shati vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Mzee wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Chai wamekupa?"

"Wamenipa maji ya moto yenye rangi. Nimeshukuru."

Akafungua daftari juu ya meza, akaanza kumpitisha ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya kila namba.

"Tisini na mbili."

"Yangu."

"Tisini na moja."

"Yangu."

"Tisini na tatu. Tisini na mbili. Tisini na mbili."

"Zangu zote. Niliziona kwa macho yangu, nikaziandika kwa mkono wangu. Akitokea mtu aseme sikuziona, aje asimame hapa aniambie usoni."

Wiki sita za namba, na kwa kila moja mzee alimtazama machoni bila kupepesa. Kisha kidole kikafika tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita. Hapo palikuwa na thelathini na nane, imekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake mkono mwingine umeandika tisini na mbili.

"Na hii?"

Mzee akageuka akatazama dirisha.

"Hiyo nilikosea."

"Ulikosea vipi? Giza? Ukungu?"

"Nilikosea tu. Mimi si malaika."

"Nani aliyeikata?"

"Bwana mkadiriaji wa ofisi ya maji, daftari lilipokwenda kwake Jumatatu. Alinipigia simu, akasema mzee, hii haiwezekani. Nikamwambia basi weka unavyoona."

"Miaka kumi na tisa umekosea mara moja hiyo?"

"Mara moja hiyo."

"Shemeji yako anasema alikuita mara tatu, twende mchana ukauone mto mwenyewe. Hukwenda."

"Kanuni ni saa kumi na mbili asubuhi," mzee alisema, na sauti ikapata nguvu tena. "Nikishaandika napanda mlimani kwenye mahindi yangu, nashuka jua likizama. Mto saa nyingine haunihusu. Ningemfuata kila mwenye malalamiko, kazi ningeifanya lini?"

Mama Faili akafunga daftari. Katika miaka yake alikuwa amekaa na waongo wa kila aina, na jambo moja lilimkera hapa. Mtu anayepika namba huziogopa namba zake zote. Huyu aliogopa moja tu, tena ile ambayo haikumsaidia mtu yeyote.

Ndani ya gari sajini alikuwa tayari na jibu lake. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa na wajukuu, lakini umbea haukuwa umempungua.

"Afande, umesoma maelezo ya yule mjane? Mwenye zamu ya kwanza kwenye mfereji?"

"Nimesoma."

"Watu wote mpunga umekauka, wa kwake unapepea. Na mzee kila asubuhi akitoka mtoni anapita mlangoni kwake. Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema. Washa gari."

Lakini njiani akayatoa maelezo ya mjane akayasoma mara ya pili, kama kawaida yake. Yalikuwa mistari minne. Zamu yangu ni saa moja mpaka saa tatu asubuhi. Mimi maji sijapungukiwa. Wenye zamu za baadaye ndio wanaolia. Sijui kwa nini wananichukia. Akalikunja jani hilo la karatasi peke yake, akalitia kwenye mkoba.

Ofisi ya maji ilikuwa na feni iliyozunguka bila kupeperusha chochote. Mkadiriaji alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani na macho mekundu. Kwa kumtazama tu ungejua kwamba naye hakuwa amelala wiki hiyo.

"Nieleze kama unamweleza mtoto wa darasa la tatu," Mama Faili alimwambia, akijishusha kitini. "Ee Mungu wangu. Haya."

"Shamba kubwa la juu lina bwawa," alisema mkadiriaji. "Lakini bwawa lipo pembeni, na maji yake huingia mtoni chini ya shamba lao. Kuyarudisha juu hawawezi, maji hayapandi kilima. Kwa hiyo kuna kubadilishana. Wao wanachota maji ya mto kule juu, ambayo kwa haki ni ya wakulima wa chini. Halafu wanafungulia bwawa, kiasi kilekile, yanateremka yanawafikia wa chini. Ni kama wewe una tangi lako mlangoni kwangu, na mimi nina langu mlangoni kwako. Badala ya kubebeana ndoo, kila mmoja anachota la karibu."

"Na nani anaamua wa juu wachote kiasi gani?"

"Mimi ndiye ninayekadiria. Kila Jumatatu." Akavuta jedwali lililochakaa kingo. "Nachukua kipimo cha darajani. Tisini na mbili kwa jedwali hili ni lita elfu moja na mia nne kwa sekunde. Haki ya wa chini ni mia sita. Natoa. Zinabaki mia nane, na hizo ndizo zinazoweza kubadilishwa."

"Na wiki hizi sita umekadiria vipi?"

"Nimewaongezea wa juu. Maji yalikuwepo." Akavua miwani akasugua macho. "Kusema kweli nilifurahi, mama. Mwaka wa ukame, halafu mto wangu unapanda. Nikasema labda Mungu ametuonea huruma."

"Hiyo ni kwa sekunde. Siku nzima unaipataje?"

"Nazidisha kwa sekunde za siku nzima. Elfu themanini na sita na mia nne."

"Yaani mzee anachungulia mara moja asubuhi, wewe unahesabu mpaka kesho asubuhi."

"Ndivyo inavyofanywa. Mto si bomba la jikoni, useme kuna mtu anaufungua na kuufunga."

Mama Faili akaandika maneno hayo, kisha akaweka kidole kwenye wino mwekundu.

"Hii?"

"Hiyo niliikata mimi, sikatai. Mto hauwezi kushuka zaidi ya nusu mita usiku mmoja, kesho yake upande palepale, na mvua haijanyesha. Haipo hiyo. Ningeiingiza, makadirio ya wiki nzima yangeharibika. Nikampigia mzee, naye hakubisha."

"Na bwawa sasa lina maji kiasi gani?"

"Bwawa tunalipima mwisho wa msimu."

"Mwisho wa msimu," alirudia Mama Faili, akiandika. "Watu wa shamba la juu wamewahi kukuomba kitu? Chochote. Upendeleo, karatasi, ushauri."

"Hawajawahi." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akafikiri zaidi. "Mwanzo wa msimu meneja wao aliuliza swali moja la kawaida tu. Maji yakitoka bwawani yanachukua muda gani kufika darajani. Saa sita. Nilimwandikia barua, nakala ninayo."

"Nipe hiyo nakala."

Walifika darajani saa tano kasoro dakika kumi. Wakulima walikuwa wameapa katika maelezo yao kwamba mzee ameling'oa bamba na kulishusha ili namba zionekane kubwa, kwa hiyo Mama Faili akavua viatu, akashuka kwa kushikilia majani, huku magoti yakimtukana. Bolti nne. Kutu ya miaka, na rangi ya zamani imepita juu ya bolti na bamba pamoja, haijapasuka popote. Hakuna mkono uliogusa pale tangu daraja lipakwe rangi. Basi hilo nalo likafa.

Maji yalikuwa kwenye thelathini na sita. Mawe yalionekana mpaka ng'ambo, na sajini alivuka bila kukunja suruali.

"Ameshikika huyu mzee," sajini alisema kutoka ng'ambo. "Tisini na mbili ya wapi hapa?"

Mama Faili alikuwa amepitisha kidole kwenye nguzo, juu ya maji. Tope lilikuwa bichi. Akapanda nalo taratibu, hamsini, sabini, themanini, na kote lilikuwa bichi, mpaka kwenye tisini na moja lilipoisha kwa mstari. Juu ya hapo nguzo ilikuwa kavu na yenye vumbi.

Nyumba ya mzee ilikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa dakika kumi, na mto hauonekani kutoka huko. Mkewe alikuwa uani anachota maji kisimani. Alipoona sare ya sajini akaiachia kamba, ndoo ikarudi chini yote.

"Amekufa?"

"Hajafa, mama. Ni mzima. Analalamika kuhusu chai."

Mama yule akaketi palepale kwenye ukingo wa kisima, akalia kidogo, akajifuta kwa mtandio, akaomba radhi, akaanza kuongea kabla hajaulizwa.

"Ndugu yangu wa tumbo moja kampiga mume wangu. Mpunga wake umekufa, namwonea huruma. Mume wangu yuko ndani, namwonea huruma. Mimi nimlilie nani? Wote wawili wamenijia juu, huyu ananiambia mumeo mwizi, yule ananiambia kaka yako mjinga. Nimechoka, dada yangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

"Nakuelewa," alisema Mama Faili, na hakuwa akisema kwa adabu tu. "Kuna mtu anasoma kipimo tangu wamchukue?"

"Mimi." Mama yule akaingia ndani akatoka na kipande cha karatasi. "Nilisema asije akarudi akakuta daftari lina mapengo, ataniua kwa maneno. Nashuka saa kumi na mbili kamili kama yeye."

Tarehe nne zilizopita, zimeandikwa kwa penseli, herufi kubwa kubwa. Tisini na moja. Tisini na mbili. Tisini na mbili. Na ya leo asubuhi, tisini na moja.

Sajini alisoma begani kwa Mama Faili, akazirudia namba kwa kidole. Hata yeye alikuwa ametoka kuona thelathini na sita.

"Mama," alisema Mama Faili polepole, "tarehe kumi na nne mwezi uliopita, asubuhi, ilikuwaje hapa?"

Mama yule akafikiri, kisha akacheka, cheko likamponyoka kabla hajaweza kulizuia.

"Ile asubuhi ya jino! Usiku kucha mtu mzima analia, ananiita mama, mimi ndiye mama yake? Alfajiri nikamkokota zahanati. Foleni ile! Tumerudi saa tano, shavu limemvimba hivi, akashuka moja kwa moja mtoni na pamba mdomoni." Hapo cheko likamkauka. "Akaniambia nisimwambie mtu. Daftarini aliandika saa kumi na mbili. Wana kanuni kule ofisini, ukichelewa au ukidanganya saa mara moja tu unafutwa kazi. Dada, nimemponza?"

"Kadi ya zahanati ipo?"

"Ipo, ina muhuri."

"Nipe. Hujamponza."

Wakati wanarudi garini sajini aliuliza kwa sauti ndogo habari za mjane.

"Zamu ya mjane ni saa moja mpaka saa tatu," alisema Mama Faili. "Muda huo maji yapo. Mzee anasoma saa kumi na mbili, maji yapo. Mkewe anasoma saa kumi na mbili, yapo. Sisi tumefika saa tano, hakuna. Na siku pekee mzee alipofika saa tano, hakuna. Daftari zima lina uongo mmoja, saa ya tarehe kumi na nne, na hiyo ndiyo namba pekee inayosema mto unakuwaje mchana. Bwana mkadiriaji akaikata."

"Sasa maji yanakwenda wapi?"

"Uliza yanatoka wapi. Twende bwawani."

Barabara ya bwawani ilikuwa ya mashimo, na Mama Faili aliipanda macho yamefumbwa, mkono kwenye goti. Mlinzi wa bwawa aliwapokea kwa furaha ya mtu asiyetembelewa. Bwawa lilikuwa limejaa mpaka karibu na ukingo.

"Limeshuka shubiri mbili tu tangu msimu uanze," alisema mlinzi kwa fahari. "Mwaka kama huu! Wenzetu wote mabwawa yao yamebaki tope."

"Na si mnawapelekea wakulima wa chini?"

"Kila siku, hatujakosa hata moja. Saa sita ya usiku nafungua mlango wote, saa nane nafunga."

"Saa mbili tu?"

"Zamani tulikuwa tunafungua kidogo, mchana na usiku bila kufunga. Mwaka huu meneja alikuja mwenyewe na utaratibu mpya. Mchana jua linakunywa maji njiani, yakisafiri usiku yanafika yote. Nikasema, huyu bwana ana akili. Mimi ni miaka mingapi hapa sijaliwaza hilo?"

Alileta daftari lake bila kuombwa mara mbili. Saa sita, saa nane. Saa sita, saa nane. Chini ya utaratibu mpya palikuwa na saini ya meneja, kubwa, yenye mkia. Mama Faili akahesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. Saa sita usiku na saa sita za safari ni saa kumi na mbili asubuhi. Furiko dogo linapita darajani mzee ameinama na penseli yake, na saa tatu limekwisha. Mfereji wa wakulima hauwezi kumeza furiko lote kwa muda huo, hivyo mengi yanaupita yanakwenda zake. Huku ofisini namba inazidishwa kwa sekunde zote za siku, maji ya saa mbili yanahesabiwa kuwa ya siku nzima, na wa juu wanaruhusiwa kuchota zaidi, na zaidi, na zaidi. Meneja hakuwa amemhonga mtu yeyote. Aliuliza swali moja tu la kawaida, akajibiwa kwa barua.

"Kwani kuna ubaya, mama?" mlinzi aliuliza, akimtazama usoni. "Si tumeokoa maji?"

"Mmeyaokoa," alisema Mama Faili. "Yote yapo humu. Naliomba hili daftari, nitakupa hati ya kulipokea."

Saa tisa na nusu alikuwa tena mbele ya mzee, na karatasi tupu katikati yao. Alimweleza yote kwa mpangilio, na alipofika kwenye jino mzee alishika shavu.

"Amesema yule mwanamke."

"Amesema, na mshukuru. Sasa uandike kwa mkono wako kwamba tarehe kumi na nne ulisoma saa tano, si saa kumi na mbili."

"Siandiki."

"Mzee wangu."

"Nikiandika nimedanganya saa, watasema na zilizobaki nimedanganya. Miaka kumi na tisa, afande! Nimesoma na homa. Nimesoma siku niliyomzika mama yangu, nikatoka mtoni nikaenda makaburini. Leo niandike mimi ni mwongo?"

"Watasema hivyo, ndiyo. Kisha nitawawekea karatasi ya mkeo, na kadi ya zahanati, na daftari la bwawa, na hawatakuwa na la kusema. Usipoandika, namba yako ya thelathini na nane inabaki kosa la mzee, na meneja atasema mto umeshuka mchana leo tu. Utakaa miaka saba kwa ajili ya jino."

"Na kazi yangu?"

Hapo angeweza kumdanganya, na kwa sekunde moja alitamani, kwa jinsi alivyochoka.

"Kazi imekwenda, mzee wangu. Sikufichi."

Nje sauti za watu zilikuwa zimeanza kujaa uani. Mwisho mzee akachukua kalamu, akaandika mistari mitatu kwa mwandiko ulionyooka, akaisoma upya, akatia saini.

Mkuu wa kituo alisoma faili jipya akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa ameketi. Akamtuma sajini na askari wawili kwa meneja wa shamba la juu, akampigia mwendesha mashtaka, kisha akamwomba Mama Faili atoke akawaambie watu mwenyewe, kwa sababu yeye, alikiri, asingeweza kuieleza habari hiyo bila kupotea katikati.

Wakulima walikuwa kama sitini, wamesimama. Shemeji alikuwa mbele, mtu mrefu mwenye mikono iliyopasuka. Dada yake alikuwa amekuja pia, amesimama pembeni peke yake karibu na ukuta. Mama Faili akawaeleza kwa maneno machache jinsi maji yalivyokuwa yakifunguliwa usiku ili yapite darajani saa ya kipimo tu. Akawaambia mzee hakupika namba, kwamba aliandika alichokiona, isipokuwa siku moja alichelewa kwa sababu ya jino akaficha saa, na namba ya siku hiyo ndiyo iliyomnasa meneja. Akawaambia bwawa limejaa na kuanzia leo litafunguliwa mchana na usiku.

Hakuna aliyeshangilia. Mpunga ulishakufa, na kila mtu pale alijua bwawa likifunguliwa leo litamwagilia mabua.

Mzee alitolewa mlangoni, anapepesa macho kwenye mwanga. Baadhi ya watu wakainamisha vichwa. Mmoja akasema "tusamehe, mzee," akimaanisha jicho. Mkewe akaanza kumwendea.

"Tarehe ngapi hiyo ya jino?" shemeji aliuliza.

"Kumi na nne," alisema Mama Faili, na mara hiyohiyo akajuta kujibu, maana alikuwa ameona anakokwenda yule mtu.

Shemeji alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Kumi na nne mpunga ulikuwa kijani. Wangu ulianza kugeuka tarehe ishirini na tano." Akamtazama mume wa dada yake. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo uliuona, shemeji. Saa tano. Ulisimama pale ukayaona mawe."

"Niliyaona."

"Wiki ile nilikuja kwako mara tatu, nikikuomba njoo uone. Nawe ulikuwa umeshaona."

"Nilifikiri ni siku ile tu. Kesho yake maji yalikuwepo."

"Ungeandika saa tano. Neno moja tu hilo. Mkadiriaji asingeikata, angeuliza. Tungekuwa na siku kumi na moja."

Mzee alimtazama mkewe, naye alikuwa amesimama katikati ya njia, hajafika kwake na hajarudi kwa kaka yake.

"Niliogopa kufutwa," mzee alisema.

Hakuna aliyemtolea mkono, na hakuna aliyetikisa ngumi. Shemeji akajipangusa uso kwa kiganja, kutoka paji mpaka kidevu, akaketi chini kwenye nyasi, na wengine nao mmoja mmoja wakaketi.

Mzee akamgeukia Mama Faili.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini, "naomba nirudi ndani kidogo. Mpaka waondoke."

Mama Faili alitaka kumwambia kwamba yeye ni mtu huru na hapo si hotelini. Akatazama uani, akaona watu hawana dalili ya kuondoka, akasogea pembeni akampisha.